Bastola ya kiunoni hailindi mtaji wa mahindi

Msimu wa mavuno unapoanza Gairo, fedha taslimu nazo huanza safari. Zinatoka Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam, zinashuka stendi, zinalala nyumba ya wageni usiku mmoja, na alfajiri zinapanda pikipiki au Fuso kwenda vijijini kufuata mahindi na maharage. Ni katika majuma hayo wafanyabiashara huulizana kwa sauti ya chini swali ambalo halihusu bei ya gunia: ni bastola gani ndogo inayofaa kubebwa chini ya koti bila watu kujua?

Swali hilo ni halali, na linastahili jibu la kibiashara. Sheria inamruhusu raia aliyetimiza masharti kumiliki silaha, na wapo wafanyabiashara wanaomiliki. Maoni ya safu hii ni kwamba kwa mnunuzi wa mazao wa Gairo, bastola ni uwekezaji mbaya iwapo lengo ni kulinda fedha. Ama yule ambaye bado anaihitaji kwa ajili ya uhai wake, tunamshauri asinunue iliyo ndogo kuliko zote.

Tufanye hesabu kidogo. Chukulia mnunuzi anataka gunia 200 za mahindi, na tuseme kwa mfano tu kwamba gunia ni Sh 80,000. Anahitaji Sh 16,000,000. Kwa kuwa noti yetu kubwa ni ya shilingi elfu kumi, hizo ni noti 1,600, yaani mabunda 16 ya noti mia mia. Mzigo huo haufichiki. Mkulima anajua unazo, dalali anajua, wapakiaji wanajua, dereva anajua, na mama lishe uliyekula kwake asubuhi amekwishahisi. Bastola unaweza kuificha lakini fedha huwezi, maana umekwenda kijijini hasa kuwaonyesha watu kwamba unazo.

Kwa hiyo anayekuja kukuibia habahatishi. Anakuja na taarifa, anakuja na wenzake, na yeye ndiye aliyechagua saa na mahali: kona ya barabara ya vumbi, lori likiwa limezama tope, au mlango wa chumba cha wageni usiku wa manane. Mwenye bastola kiunoni anatakiwa kwanza atambue kinachotokea, afunue koti, aitoe, aikoki kama haikuwa imekokiwa, alenge, na yote hayo mbele ya mtu ambaye silaha yake iko mkononi tayari. Nani kati ya wanunuzi wetu amefanya zoezi hilo hata mara hamsini?

Na mara nyingine silaha ya upande wa pili si panga. Erasto Msuya, mfanyabiashara mashuhuri wa tanzanite, aliuawa Agosti 7, 2013 wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa risasi za bunduki ya SMG. Bastola ya kubeba kiunoni ni chombo cha hatua chache, na mbele ya bunduki ya namna hiyo haina hesabu.

Hata hivyo tusiwafungie mlango wenye sababu. Yuko mfanyabiashara ambaye ametishiwa maisha, au ambaye nyumba yake imevamiwa, na ameamua. Huyo tuzungumze naye juu ya bidhaa yenyewe, kwani soko la bastola lina mitego yake kama soko la viazi lilivyo na lumbesa.

Mtego wa kwanza ni risasi. Mitaani utasikia watu wakisema "milimita tisa" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Ipo 9×19, iitwayo Parabellum, inayotumiwa na Glock na bastola nyingi za kisasa. Ipo 9×18 ya Makarov, bastola iliyopokelewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951. Na ipo 9×17, fupi zaidi, ambayo Wamarekani huiita .380. Haziingiliani. Kisha kuna bastola za zamani kama Walther PPK ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1931, ambayo kwa kawaida hutumia risasi za milimita 7.65 na magazini yake hubeba saba. Mtu huuziwa bastola nzuri ya mkononi kwa bei ya kuvutia, tena kwa utaratibu halali kabisa, halafu anazunguka maduka ya silaha akitafuta risasi za kuilisha. Uliza risasi kwanza, bastola baadaye. Kwa maoni yetu anayenunua leo anunue ya 9×19, kwa sababu ndiyo inayotumika kwa wingi zaidi duniani.

Mtego wa pili ni udogo wenyewe, na hapa ndipo wengi hukosea. Mnunuzi huingia dukani akiwa na neno moja kichwani, "ndogo", na hutoka na ndogo kweli kweli. Mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi. Mshikio mfupi huacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani, na bastola ikilia inaruka mkononi kuliko ile kubwa ya risasi hizo hizo. Vidato vya kulengea vikiwa karibu karibu, kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa pale risasi inapofikia. Bastola ndogo sana ni ya mtu mwenye ujuzi mwingi, lakini hununuliwa zaidi na wasio na ujuzi wowote.

Linganisha Glock mbili zinazotengenezwa kwa muundo mmoja. Namba 19 hubeba risasi 15 na ikijazwa ina uzito wa gramu 850 hivi. Namba 26 hubeba 10 na huwa na gramu 740 hivi. Tofauti ya urefu ni kama sentimita mbili tu. Sentimita hizo mbili na gramu mia moja na ushei ndizo zote unazookoa, na badala yake unatoa risasi tano pamoja na ushikaji mzuri. Tangu mwaka 2018 ipo pia SIG Sauer P365, nyembamba zaidi, nayo ikiwa na risasi 10, ambayo imewavutia wengi kwa sababu ya wembamba huo. Ni bastola nzuri. Bado tungemwambia mtu mwenye mkono wa kubeba magunia ajaribu kuishika ya ukubwa wa kati kabla ya kuamua.

Mtego wa tatu hauonekani dukani. Glock haina kitufe cha kufunga pembeni kama bastola nyingi za zamani. Kifungo chake kimo ndani ya kifyatulio, na kidole kikikibonyeza sawasawa risasi inatoka. Ubunifu huo unasifika, lakini bastola ya aina hiyo haiwekwi mfukoni pamoja na funguo za gari, wala haitupwi ndani ya kikapu cha fedha. Inahitaji mfuko wake mgumu unaofunika kifyatulio chote na unaoshika vizuri kwenye mkanda, na mkanda wenyewe uwe imara. Tumeona watu wanaotoa fedha nyingi kwa bastola na kisha kuifungia kwenye mfuko wa kitambaa uliolegea. Kuiweka bastola ndani ya begi la fedha ni vibaya zaidi: begi likinyakuliwa, mwizi amepata mtaji na silaha kwa pamoja.

Na kuna hali ya hewa, ambayo katalogi za Ulaya haziijui. Mwezi Juni na Julai Gairo ina upepo na baridi ya kutosha kumfanya kila mtu avae koti, na chini ya koti chochote kinafichika. Shuka hadi Dumila saa saba mchana, koti litakutoka lenyewe, na hapo shati lililolowa jasho litaonyesha umbo la kila kitu. Jasho hilo hilo likichanganyika na vumbi la barabarani na mafuta ya bastola hutengeneza uji mweusi ndani ya mitambo. Bastola ya kubeba kila siku hufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara, hata kama haijapigwa.

Upande wa vibali tutaupitia haraka. Sheria inayotawala ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yakapita kata, kwa OCD na kamati ya ulinzi na usalama, hadi ngazi za juu za Polisi. Tangu Gairo ilipopewa hadhi ya wilaya mwaka 2012, ikitengwa na Kilosa, angalau mwombaji amepunguziwa nauli. Lakini hesabu ni watu wangapi wameona jina lako kwenye karatasi hizo. Kabla bastola haijafika kiunoni, nusu ya kijiji inajua itakuwepo, na silaha nayo ni mali inayotafutwa na majambazi. Kumbuka pia kwamba silaha huhakikiwa, kama ilivyofanyika nchini mwaka 2016, na asiyeweza kuionyesha ana maswali ya kujibu. Anayefikiria njia ya mkato, ile ya "kuna mtu anazo", ajue kwamba silaha isiyo na kibali humfikisha mahakamani kwa shauri la uhujumu uchumi. Hiyo ni njia ya kupoteza mtaji wote bila kuibiwa.

Jambo zito zaidi ni siku utakapoitumia. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 18A hadi 18C, inatambua haki ya mtu kujilinda na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Anayezidisha anawajibika kwa jinai. Kiasi hicho hakipimwi na wewe pale barabarani usiku; hupimwa na hakimu au jaji miezi au miaka baadaye, akiwa na ushahidi mezani. Wakati huo wote biashara yako inaendeshwa na nani?

Na hatari haiko kwa majambazi peke yao. Novemba 2006, Ditopile Mzuzuri, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, alikamatwa na kushitakiwa baada ya dereva wa daladala kupigwa risasi na kufa katika ugomvi wa barabarani Kawe, Dar es Salaam. Hakukuwa na ujambazi pale, ni msongamano wa magari na hasira. Aliacha cheo, na alifariki Aprili 2008 akiwa mjini Morogoro kabla kesi haijahukumiwa. Familia mbili ziliharibikiwa. Mnunuzi wa mazao hugombana kila siku: juu ya lumbesa, juu ya mizani, juu ya mahindi mabichi yaliyochanganywa na makavu, juu ya lori lililoziba njia. Kisha jioni hukaa na wenzake wakanywa bia. Mtu wa maisha ya namna hiyo akibeba bastola, ugomvi wake wote unabebwa nayo.

Turudi kwenye zile noti 1,600, maana huko ndiko hasara inakopunguzwa kwa bei nafuu. Gunia 200 kwa kawaida hazitoki kwa mkulima mmoja. Kama zimetoka kwa wakulima ishirini, gunia kumi kumi, kila mmoja anadai Sh 800,000, na kiasi hicho hupita kwenye simu bila tatizo. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, hivyo si jambo geni kwa mkulima. Ni kweli kwamba tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 iliwarudisha wengi kwenye fedha taslimu, na ingawa ilipunguzwa baadaye, mazoea yale yamebaki. Ni kweli pia kwamba milimani, upande wa Nongwe, mtandao haushiki kila mahali. Kwa huko lipa malipo ya awali kidogo, pakia, na malizieni malipo mjini Gairo mbele ya wakala au benki. Korosho za Mtwara zimeuzwa kwa stakabadhi za ghala tangu msimu wa 2007/2008, na mkulima hulipwa kupitia benki. Mahindi yetu bado yako mbali na utaratibu huo, lakini hakuna kinachowazuia wanunuzi watano wa Gairo kukubaliana ghala moja na siku moja ya malipo.

Kikwazo kinachobaki ni kile mkulima anachokisema kila mara: "tuma na ya kutolea." Wanunuzi wengi hukasirika hapo na kurudi kwenye mabunda. Kaa chini na wakala, andika ada ya kutolea kwa wakulima wote ishirini, kisha pembeni yake andika bei ya bastola, mfuko, risasi za mazoezi, kabati la chuma la kuifungia nyumbani na ada za kibali. Tuma na ya kutolea.