Mtoto anaponakili asichokielewa

Saa mbili usiku, katika nyumba moja ya Chang'ombe, Dodoma, mama anayeuza nafaka soko la Majengo alimkuta mwanawe wa kidato cha pili ameinamia simu, ananakili. Kazi ya shule ilikuwa kulinganisha safari mbili za anga za juu. Kurasa tatu za daftari zilikuwa zimejaa Kiingereza safi, kisicho hata na kosa moja.

"Hebu nisomee hapa kwa Kiswahili, baba," mama alisema.

Kijana alisoma mstari wa kwanza akakwama. Wa pili akauruka. Wa tatu akafunga daftari.

Wazazi wengi wamewahi kufika hapo. Mtoto ana kurasa tatu, lakini kichwani hana kitu, na mtihani haumruhusu kuingia na simu. Mzazi aliyeishia darasa la saba hudhani hana msaada wowote, hivyo hunyamaza. Mama huyu naye aliishia darasa la saba, na setelaiti hakuwahi kuisoma popote. Ila alijua kuuliza.

Alimwambia mwanawe aweke simu chini, aeleze anachokumbuka. Kilichopatikana kilikuwa kidogo: kulikuwa na setelaiti iitwayo Uhuru, iliyorushwa Malindi, na nyingine iitwayo Taifa-1, iliyorushwa mwaka 2023. "Zote za Kenya," kijana alimalizia.

"Una hakika? Gunia likishushwa Majengo haliwi la Majengo. Lina mwenyewe."

Kijana alichukua simu tena, na safari hii alikuwa na swali analolitafutia jibu. Akagundua kwamba Uhuru ilikuwa ya NASA, shirika la anga la Marekani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililoendeshwa na Italia baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, na ndiyo sababu ya jina hilo. Mwenye mali alikuwa mwingine kabisa.

Hapo mama alimwambia achore mstari katikati ya ukurasa: Uhuru kushoto, Taifa-1 kulia, na kila swali lijibiwe pande zote mbili. Ni ya nani? Ilirushwa wapi, na kwa nini huko? Ilikwenda kufanya nini?

Kijana aliandika kushoto kwamba Uhuru ilikuwa na kilo zipatazo 140. Kulia akaandika kwamba Taifa-1 ni kijisanduku cha sentimita 10 kwa 10 kwa 30. Mama akatikisa kichwa: "Hapo unalinganisha bei ya debe na bei ya sado." Kilo zitafutiwe kilo, au mstari ufutwe. Ukafutwa.

Mengine yalikaa sawa. Malindi iko karibu na ikweta, mahali ambapo dunia huzunguka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Taifa-1 ni ya Kenya. Ilitengenezwa na wahandisi wa Kenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria, lakini ilirushwa California tarehe 15 Aprili 2023, ikiwa abiria katika roketi ya SpaceX iliyobeba setelaiti nyingine nyingi. Kijana alikuwa ameandika kwamba ni setelaiti ya kwanza ya Kenya. Alipohakiki, akakuta ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyotangulia mwaka 2018. Akarekebisha.

Kwenye swali la kazi ndipo tofauti ilipojitokeza. Uhuru ilitazama nje, mbali na dunia. Ilikuwa setelaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutafuta mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota, mionzi ambayo hewa ya dunia huizuia isifike chini. Hadi ilipomaliza kazi mwaka 1973 ilikuwa imekusanya taarifa zilizowezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Taifa-1 ilipelekwa kutazama chini: mashamba, misitu, maji.

"Kwa hiyo?" mama aliuliza.

Kijana alifikiri kidogo. "Ya kwanza ilirushwa kwetu kujibu maswali ya wengine. Ya pili imerushwa kwa wengine kujibu maswali yetu."

Mama alimwambia aandike hivyo hivyo, kisha ndiyo atafute Kiingereza chake. Katika uwanda huu wa kati, ambao mvua yake ni ya msimu mmoja na mtama hupandwa kwa kuikisia, swali la nani anatazama mashamba linaeleweka bila kamusi.

Kazi ile haikuhitaji mzazi mwenye shahada. Ilihitaji mtu wa kukaa jirani na kuuliza mambo manne. Unaweza kunieleza kwa Kiswahili bila kuangalia simu? Umelisoma wapi, na umehakikisha? Unalinganisha vitu vya kipimo kimoja? Na mwisho, kwa hiyo?

Mtoto akishindwa swali la kwanza, hakuna haja ya kumgombeza. Kunakili mara nyingi ni dalili ya hofu, hasa hofu ya lugha, na kelele za mzazi humfundisha kuficha daftari. Arudi kwenye swali moja, alijibu kwa sentensi moja ya kwake, ndipo aende la pili.

Usiku ule kurasa tatu ziligeuka ukurasa mmoja na nusu, wenye maneno mawili ya Kiingereza yaliyokosewa. Kijana aliweza kuusoma wote na kuueleza, na bando lilikuwa limebaki.