Alama zitolewe uwanjani, si mezani

Wanafunzi wanaotengeneza ndege za mfano wapewe alama kwa majaribio waliyofanya, si kwa jinsi ndege inavyong'aa siku ya maonyesho. Nasema hivi kwa sababu hapa Mawaleh nimemwona mjukuu wangu na wenzake wakipewa muda tele wa kujenga, na wa kurusha karibu hawakupewa kabisa.

Najua kurusha kuna taabu yake. Uwanja wa ndege wa Muscat uko ubavuni mwetu, basi huwezi kurusha chochote mtaani. Panahitajika kibali, gari, mtu mzima, na uwanda ulio mbali na mji. Kuiweka ndege mezani ni rahisi zaidi.

Lakini mezani haisemi kitu. Ndege yao ya foamu na vijiti vya balsa ilipendeza kweli. Ilipoachiwa tu, pua ikanyanyuka, mwendo ukafa, ikaangukia bawa la kushoto. Wavulana wakailaumu mota. Msichana mmoja akaibeba kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikalalia mkia. Wakaisogeza betri mbele kidogo kidogo mpaka ikatulia vidoleni, na safari hiyo ikaruka. Mota haikuguswa.

Siku nyingine gundi ya moto ililainika ndani ya gari lililoachwa juani, bawa likapinda. Na hewa yetu nayo ina mambo yake: kwenye nyuzi 45 ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko kwenye nyuzi 15, kipimo ambacho mahesabu ya ndege huanzia. Ndege ileile hapa hudai mwendo zaidi ndipo inyanyuke. Haya mtoto anayajua akiwa amesimama kwenye mchanga.

Hata waliotutangulia walijifunza kwa kuanguka. Abbas ibn Firnas wa Cordoba alijaribu kuruka karne ya 9, na mwanahistoria al-Maqqari anasimulia kwamba aliumia wakati wa kutua kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Akina Wright nao, mabawa yao yalipowaangusha mwaka 1901, walitengeneza sanduku la kupulizia upepo wakapima ndani yake vibawa vidogo kama 200. Watoto wetu wameihifadhi tarehe 17 Desemba 1903, siku akina Wright waliporuka kwa ndege yao ya mota. Lile sanduku watoto hawaulizwi, na ndilo lililowarusha akina Wright.

Walimu wangu wapenzi, nusu ya alama iende kwenye daftari la majaribio: nini kilianguka, nini kikabadilishwa, kimoja kimoja, na matokeo yake. Bawa lililovunjika liwekwe mezani pamoja na daftari hilo, na waamuzi walisome. Mwaka wa masomo huanza karibu na Septemba. Ujenzi umalizike Novemba, na asubuhi za baridi zote hadi Machi ziwe za kurusha.