Hatua Nne za Kwanza

Acheni kutuambia kwamba chesi ni kipimo cha akili. Tazameni jinsi mechi ya mashindano ya wanafunzi inavyoweza kwisha. Mweupe anasogeza askari wa mbele ya mfalme miraba miwili. Mweusi anajibu vivyo hivyo. Mweupe anamtoa malkia hadi h5. Mweusi anamweka farasi c6, kumlinda askari wake. Mweupe anamleta askofu c4. Mweusi, akiona malkia kajianika, anamtoa farasi wa pili f6 ili amfukuze. Ni hatua yenye mantiki kabisa. Malkia anakula f7 huku askofu akimlinda, na mfalme hana pa kukimbilia. Hatua nne tu, mechi imekwisha.

Hapo nani alikuwa na akili? Mweusi alifikiri, mweupe alikumbuka. Mtoto aliyewahi kuonyeshwa mtego huo hata mara moja angemsogeza askari wa g mraba mmoja tu, na malkia angelazimika kuondoka.

Mtoto wa Bulyaga, pale Tukuyu, anaweza kuwa hajawahi kugusa ubao wa chesi, lakini kichapo hiki anakijua. Shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza. Mwenzake aliyetoka shule ya kulipia ameucheza ufunguzi huo tangu chekechea. Matokeo yakitoka, tunasema huyu kipanga, yule kilaza.

Najua mtanitajia Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyerudi na hadhi ya kimataifa kutoka Olimpiadi ya chesi ya Istanbul mwaka 2012. Mtasema kipaji hakizuiliki. Basi isomeni hadithi yake yote. Kabla ya Istanbul kulikuwa na Robert Katende, mwalimu aliyewakusanya watoto wa mtaani, akawapa uji, akawawekea ubao, akawafundisha siku baada ya siku. Mnaikumbuka hadhi, mnausahau uji.

Anayetaka kupima akili ya mtoto wa Bulyaga ampe kwanza ubao, amwonyeshe mtego wa f7, amwachie muhula mzima wa kucheza. Baada ya hapo ndipo aje na orodha yake ya vipanga na vilaza.