Swali la Tisa

Sisi waandishi wa programu tunapenda sana kupima vitu. Ndiyo maana sishangai kuona vijana wetu wakitengeneza programu za simu za kupima hali ya wanafunzi wa chuo kikuu: wana raha, wana huzuni, wanalala? Nia ni njema, ila kuna jambo tunaliruka.

Kupima kwenyewe ni rahisi. WHO-5, hojaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1998, ina maswali 5 tu kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumlisha, zidisha kwa 4, umepata alama kati ya 0 na 100. Ni mistari michache ya msimbo. PHQ-9, inayochunguza dalili za sonona, ina maswali 9 na jumla yake ni 0 hadi 27. Nayo si kazi.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, Andrew Campbell na wenzake walitumia programu ya StudentLife kufuatilia wanafunzi 48 kwa wiki 10. Simu zilikisia usingizi, mwendo na muda wa mazungumzo. Kazi nzuri, lakini huku kwetu simu iliyonyamaza siku mbili huenda ni bando tu limeisha. Mimi ningemuuliza mwanafunzi mwenyewe.

Na hapo ndipo penye kazi. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama umekuwa na mawazo ya kujiumiza au ya kwamba heri ufe. Hebu fikiria mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Ijumaa saa tano usiku, pesa za mkopo hazijaingia, anajibu "karibu kila siku". Simu inamwandikia "Asante kwa kushiriki". Jumatatu jibu lake linatiwa katika wastani wa darasa, na wastani unapendeza! Yeye ameomba msaada, sisi tumemhesabu.

Utaniambia hojaji ni ya siri. Sawa, na siri ni haki yake: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Lakini siri haizuii simu kumwonyesha papo hapo nambari ya mshauri, au kumuuliza kama angependa kupigiwa, aamue mwenyewe kuacha nambari yake. Kama huna wa kumpigia, tumia WHO-5, au PHQ-8, ambayo ni ile ile bila swali la tisa.

Kwa hivyo, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa msimbo, andika kwenye karatasi jina la mtu atakayepokea simu Ijumaa saa tano usiku. Ukikosa jina, bado hujawa tayari kuuliza.