Tumbili si mwanasesere wa nyumbani

Wahenga walisema mchezea zuri, baya humfika. Huenda walikuwa wameona kitoto cha tumbili.

Akiwa mdogo, tumbili hupendeza. Hunyweshwa maziwa kwa chupa, hubebwa begani, na watoto wa jirani huja kumtazama. Diani, ambako nyumba na hoteli zimejengwa ndani ya msitu, si vigumu kumpata. Lakini baada ya miaka michache meno yake ya chonge hurefuka na tabia hubadilika. Hapo kipenzi cha nyumba hufungwa mnyororo, au usiku mmoja hutiwa garini na kwenda kutupwa kando ya msitu.

Mwenye kumtupa hudhani amemrudisha kwao. La hasha! Aliyelelewa na watu hana kundi, na wenzake wa porini humshambulia kama mgeni. Kujitafutia chakula hajui, wala hamwogopi binadamu. Basi hurudi majumbani, na mtoto akimnyima ndizi, humwuma.

Hapo ndipo jambo hili huwa la afya. Jeraha la meno ya tumbili huweza kuingia ndani sana na kuoza. Kuna hatari ya pepopunda, na pia kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishaonekana ni nadra sana mtu kupona. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipakwe mafuta ya taa wala pilipili.

Wako wanaojitetea kwamba walimwokota yatima, mamake amegongwa na gari. Huruma hiyo ni njema, lakini isiishie sebuleni. Shirika la Colobus Conservation limekuwa Diani tangu mwaka 1997 likiwahudumia mbega, kima na tumbili. Apelekwe huko mapema, au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lipashwe habari. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali.

Yafaa pia tujifunze kwa wenzetu. Katika jimbo la Florida, Marekani, chatu wa kutoka Asia waliofugwa nyumbani walitoroka au wakaachwa na wenyewe. Leo wamezaana katika vinamasi vya huko na kumaliza wanyama wengi wa asili, na serikali hugharimika kuwawinda. Chanzo chake ni kile kile: mtu kununua kichanga bila kuuliza atakuwaje akikua.

Kwa maoni yangu, anayemtupa mnyama aliyemfuga amewatupia majirani hatari. Anayetaka mnyama wa kumliwaza, afuge paka au mbwa, na ahakikishe amechanjwa.