Stempu ikipanda, wa pembezoni ndiye anayelipa

Na Mwanaidi Kibwana

Mwaka 2020 stempu ya daraja la kwanza huko Uingereza iliuzwa peni 76. Kufikia Aprili 2025 ilikuwa pauni 1.70. Bahasha ni ileile na uzito ni uleule, ila bei imepanda zaidi ya mara mbili ndani ya miaka mitano. Nimeifuatilia habari hiyo kwa karibu kwa sababu nina ndugu huko, na kwa sababu yanayowakuta wenzetu yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na bei inavyomfika mtu mezani kwake. Shangazi yangu wa Leicester ana desturi ya kutuma kadi za Idi kwa jamaa na marafiki waliotawanyika nchi nzima, watu kama thelathini hivi. Kwa bei ya 2020, stempu za kadi hizo zingemgharimu pauni 22.80. Kwa bei ya 2025 ni pauni 51. Basi naye kafanya kama wengi walivyofanya. Kadi za jirani anazipeleka kwa mkono. Za mbali anazibandika stempu ya daraja la pili, iliyokuwa peni 87 mwaka 2025, na kuziposti mapema zisije zikafika sikukuu imeshapita. Waliobaki wanapata salamu za WhatsApp. Akisikia bei itapanda, huwahi dukani kununua vitabu vya stempu, maana stempu zao za kawaida hazichapwi bei. Zinaonyesha daraja tu, na uliyoinunua leo utaitumia hata bei ikipanda kesho.

Zidisha hesabu hiyo kwa mamilioni ya watu, utaelewa hali ya posta yao. Mwaka wa 2004/05 shirika lao la posta, Royal Mail, lilisambaza barua bilioni 20 hivi. Siku hizi hazifiki bilioni 7. Simu na barua pepe ndizo zilizoanza kuzipunguza, hilo halina ubishi. Lakini tarishi hana budi kupita mtaa uleule, awe amebeba barua mia au kumi. Shirika linapandisha bei ili kuziba pengo, wateja wanapungua, pengo linarudi, bei inapanda tena.

Katika mzunguko huo, mwenye simu nzuri na benki mtandaoni hapotezi kitu. Anayeumia ni mzee asiyetumia intaneti, ambaye taarifa ya pensheni na tarehe ya kumwona daktari bado vinamfikia kwa karatasi. Shirika la Citizens Advice limelalamika mara kadhaa kwamba watu wanakosa miadi ya hospitali kwa sababu barua zimechelewa. Denmark wamekwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa 2025, shirika lao la posta, PostNord, liliacha kabisa kusambaza barua huko, baada ya idadi yake kushuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 2000. Atakayetaka kutuma barua sasa anategemea kampuni binafsi.

Tukumbuke posta ya bei moja ilikuja kutatua nini. Kabla ya 1840, barua Uingereza ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na aghalabu mpokeaji ndiye aliyelipa. Maskini waliikataa mlangoni kwa kukosa fedha. Mwanamageuzi wa posta, Rowland Hill, alipigania bei moja ndogo, inayolipwa na mtumaji, popote barua iendako ndani ya nchi. Maana yake ni kwamba wa kisiwani na wa mji mkuu walihesabiwa kuwa raia sawa. Bei ikipanda kupita uwezo wa watu, usawa huo ndio unaovunjwa.

Kwetu Tanzania hatugombani sana juu ya stempu, kwa sababu wengi tulishahama kimyakimya. Gharama ya barua kwetu haikuwahi kuwa stempu peke yake. Kuna kodi ya sanduku ya kila mwaka, ndiyo maana kijiji kizima kimezoea kutumia S.L.P. ya shule au ya kanisa. Kuna pia nauli ya kufika posta wilayani, wakati basi la mkoani linapita barabarani pale kijijini kila siku. Mtu akijumlisha yote hayo, analifuata basi.

Nenda Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, alfajiri uone. Mama ameleta kiroba kilichoshonwa mdomo kwa uzi, jina la mtoto na namba ya simu vimeandikwa ubavuni kwa maka peni. Kando yake kijana ameshika bahasha ya kaki yenye cheti halisi cha kidato cha nne, kinachohitajika Mbeya kwa usaili. Bahasha inapokelewa dirishani kwa dereva. Kijana anapiga picha namba ya basi, anachukua namba ya konda, kisha anampigia dada yake aende kupokea jioni. Risiti hakupewa.

Siku nyingi mzigo unafika, na nawaheshimu madereva wanaoubeba kwa uaminifu. Zipo pia kampuni za mabasi zenye kaunta ya vifurushi na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Lakini cheti kikipotea kwa njia ya dirishani, kijana yule hana karatasi ya kudai wala ofisi ya kushtaki. Ataanza na ripoti ya polisi na safari za kufuatilia, huku usaili umempita. Huduma ya umma inapokuwa ghali au mbali, mtu wa kawaida hununua unafuu kwa kuubeba mwenyewe ule wajibu ambao posta ingeubeba kwa barua ya rejesta.

Ndiyo maana siafiki wanaosema posta ijiendeshe kibiashara tu, isiyoweza na ife. Hatusemi hivyo kuhusu minara ya simu. Tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sababu tulikubaliana kwamba kijiji kisicho na faida kwa kampuni nacho kinastahili mawasiliano. Cheti halisi, hati ya kiwanja na dawa havipiti hewani. Navyo vinahitaji njia ya uhakika hadi kijijini.

Na kazi ngumu tumeshaifanya. Mwaka 2022, kabla ya Sensa, tuliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi. Barabara zikapewa majina na nyumba zikapewa namba. Vibao vipo ukutani, lakini ni wangapi waliowahi kuletewa barua kwa anwani hizo?

Wenzetu wa Uingereza, pamoja na shida zao, wamebakiza kinga moja: msimamizi wao, Ofcom, ameweka kikomo kwa bei ya daraja la pili, ili asiye na uwezo abakiwe na njia. Nasi tunahitaji kikomo cha namna hiyo kwa barua ya kawaida na ya rejesta, kiwekwe na TCRA na kitangazwe wazi. Gharama ya kuifikisha barua kusiko na faida iandikwe kwenye bajeti kama tunavyoandika ya minara, asibebeshwe anayenunua stempu. Wabunge watakapokaa Dodoma kwa bajeti, wamuulize waziri wa mawasiliano ametenga kiasi gani kwa kazi hiyo, na kwa wilaya zipi.