Katibu wa tawi si mpiga debe

Kila uchaguzi wa matawi ya vyama vya walimu nchini Kenya, KNUT na KUPPET, unapokaribia, walimu kuanzia Maua hadi Siakago huulizana swali moja kuhusu mgombea: ana mdomo? Akiweza kuitukana TSC, tume inayowaajiri walimu, mbele ya kamera mpaka koo limkauke, huyo ndiye simba wetu. Mpole huambiwa arudi darasani akasahihishe madaftari. Imani hii imetugharimu pesa, tena nyingi.

Hebu tukumbuke yaliyoipata KNUT. Katibu mkuu wake, Wilson Sossion, hakukosa sauti. Chama chake kilikwenda mahakamani kupinga miongozo mipya ya kupandisha walimu vyeo, na mnamo Julai 2019 kikashinda. TSC ikaigeuza hukumu ile kuwa rungu: ikasema mwanachama wa KNUT hawezi kupata nyongeza zilizotokana na miongozo ambayo chama chake kimeikataa. Walimu wawili wa cheo kimoja, waliokaa meza moja katika chumba cha walimu, wakaanza kupokea mishahara tofauti. Mmoja alikuwa KNUT, mwingine hakuwa. Basi! Watu wakajitoa kwa maelfu. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kikabaki na chini ya 20,000, na matawi yakakosa hata kodi ya ofisi. Juni 2021 Sossion akajiuzulu.

Sitetei TSC. Kumwadhibu mwalimu kupitia mshahara wake kwa sababu ya kadi ya chama ni uonevu. Lakini kelele zote zile hazikumrudishia mwalimu wa Runyenjes hata shilingi moja ya nyongeza aliyoikosa.

Najua nitakavyojibiwa: mwajiri huyu haelewi lugha laini, na bila mgomo wa 1997 chini ya katibu mkuu wa KNUT Ambrose Adongo tusingepata kitu. Ni kweli, mgomo ule uliilazimisha serikali kutia sahihi nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200. Ila serikali ililipa awamu ya kwanza tu, ikakaidi. Walimu wakagoma tena 1998, wakarudi madarasani mikono mitupu. Kilichowabakia ni Tangazo la Kisheria nambari 534 la nyongeza ile, karatasi ambayo chama kiliishikilia kwa miaka hadi serikali iliyofuata ikakubali kuketi mezani. Mgomo una siku yake. Karatasi hudumu.

Na kazi ya tawi hasa ni karatasi. Mwalimu akisimamishwa kazi na TSC, anapewa siku 21 kuandika utetezi wake. Siku hizo hana usingizi. Analipwa nusu mshahara, na kwa makosa mengine halipwi kabisa, huku mkopo wa sacco ukiendelea kumsubiri. Hapo ndipo anapobisha mlango wa tawi. Anahitaji mtu atakayeisoma ile barua mstari kwa mstari, aulize ni nani aliyeandika ripoti, kama mashahidi wametajwa, kama mwalimu mkuu aliwahi kumpa onyo la maandishi. Simba atampigia afisa wa kaunti simu na kufoka. Afisa ataitikia, atakata simu, na siku zitaendelea kuhesabika.

Kuna jingine ambalo wagombea wenye mdomo hawapendi kuulizwa: makato. Kila mwezi pesa za chama hutoka kwenye mshahara kabla mwalimu hajaugusa, na sehemu yake hurudi tawini. Nani amewahi kuandikiwa zilivyotumika? Mgombea anayewanunulia wajumbe nyama choma Nkubu usiku wa kuamkia kura hatakuwa na haraka ya kuleta hesabu hizo. Wala sisi, tukiwa tumekwisha kula, hatutakuwa na ujasiri wa kuzidai.

Halafu tunashangaa walimu wa kike wachache mno wanapojitosa. Tumeugeuza wadhifa huu kuwa shindano la kufoka jukwaani na kukesha hotelini, kisha tunasema wao hawataki uongozi.

Kwa hivyo mwalimu mwenzangu, mgombea akija shuleni kwako kuomba kura, usimwache ahutubie. Mkabidhi barua ya kusimamishwa kazi, hata ya kubuni, umwombe aandike utetezi wake papo hapo. Akishindwa, mnyime kura, hata kama ni wa kijiji chenu.